Televisheni Kwenye Kigari cha Mtoto

Ndani ya basi la kwenda mji wa Świdnik, Bożena alijifanya anasoma gazeti, kumbe masikio yote yako kiti cha mbele, kwa wazee wawili wasiojuana. Umbea nao ni usafiri.

"Serikali ile ya kikomunisti waliiangusha viongozi wa wafanyakazi," alisema babu mwenye sharubu. "Walifungwa kwa ajili yetu."

"Nawaheshimu, mzee wangu, lakini na sisi je?" bibi akamjia juu. "Kila jioni taarifa ya habari ikianza na uongo wake, mji mzima tulitoka kutembea, waone hakuna anayeitazama."

"Matembezi hayaangushi hata kuku!"

"Mume wangu aliitia televisheni kwenye kigari cha mtoto, akaifunika blanketi, tukaizungusha mitaani. Mtoto nikambeba mimi."

Babu alicheka mpaka akakohoa. "Hamkukamatwa?"

"Askari mmoja alifunua blanketi, akatazama, akafunika tena. Akasema, 'Mtoto mzuri. Kafanana na babake.'"

Bożena aliuma midomo asicheke. Babu hakucheka tena. Basi liliposimama aliinuka taratibu, akashika mlango.

"Na yule uliyembeba," aliuliza, "mwenye kofia nyekundu, aliyekuwa akilia. Hajambo siku hizi?"