Umri wa Shahidi

Khole anasomea historia ya uchumi, na mwalimu wake hataipokea sura ya ujira wa wachumaji karafuu bila ya mtu mmoja aliyechuma kwa mikono yake. Mungu si Athumani: ndani ya basi la Mabela, huku Uarabuni, bibi aliyekaa ubavuni mwake alikuwa mchumaji wa Pemba.

"Mwaka wa sitini na nane nalikuwa juu ya mkarafuu tangu alfajiri," alisema Bi Zuwena. "Tukilipwa kwa pishi, na mpimaji akizishindilia karafuu kwa kiwiko, mwizi mkubwa!"

Khole alirekodi kila neno. "Ahsante, bibi. Na umri wako?"

Abiria wote waligeuza shingo.

"Nna khamsini."

"Bibi! Mwenye khamsini leo, mwaka huo alikuwa hajazaliwa."

"Basi sema nilihadithiwa na mama."

"Ukihadithiwa, ushahidi unashuka daraja. Mwalimu ataukataa."

"Kwani mwalimu wako anataka karafuu au anataka kuposa?"

Abiria wa nyuma walikohoa kwa adabu.

"Anataka ukweli, bibi yangu."

"Ukweli wa mpimaji nishakupa. Huu mwengine ni wangu."

Basi lilisimama kituo cha Sib. Bi Zuwena alikusanya buibui lake. "Bora ushahidi wako ushuke daraja, mwanangu, kuliko mimi nipande umri," alisema, akateremka.

"Sabini tu, bibi!" Khole alimlilia dirishani, kama anayepatana bei ya samaki.

Bila ya kugeuka, bibi aliinua vidole vitano.