Kidoa Kinachoumwa

Benchi letu liko kati ya kinyozi na duka la dawa. Mimi nachemsha kahawa, wazee wa benchi wanachemsha maneno. Binti yangu alikulia hapo. Nikienda kuteka maji, walimwangalia wao. Ndiyo maana jana alipotoka maabara na karatasi yake, aliileta kwao kwanza. Vidoa chungu nzima, mistari kama nywele za mtu aliyelala bila kusuka. Kila kidoa ni protini mojawapo ya mwilini, alieleza, na mstari unaonyesha zipi zinashikana kazini. Leo anawapelekea madaktari. Wasipoielewa, utafiti wake unawekwa kando.

— Hiki cha katikati ndiye mkubwa wao, alisema Waya, fundi umeme. Mistari yote kwake. Penye wengi pana Mungu.

— Si lazima, mjomba. Huenda kimechunguzwa zaidi kuliko wenzake, ndiyo maana mistari yake inajulikana.

— Basi ni mmbeya, alisema Kinyozi. Hakuna mlango asiobisha.

— Wewe unamjua mwenzako.

— Nyamaza, Waya. Tazama hiki cha pembeni, hakina ndugu wala jirani. Asiye na mwana aeleke jiwe. Huyo ndiye mchawi.

— Baba mdogo, mwilini hamna mchawi.

— Umeshakagua wote?

— Mimi naona ni shoti, alisema Waya. Ng'oa nyaya zote, uanze na fyuzi.

Binti alicheka, lakini kahawa yake ilikuwa imepoa mkononi.

Mama mmoja tusiyemjua alitoka duka la dawa na mtoto mgongoni, akaketi ukingoni. Akainamia karatasi.

— Samahani. Kinachoumwa ni kipi?

Binti alipitisha kidole juu ya karatasi, akakirudisha.

— Vinavyoumwa navijua, alisema. Ila humu hata mimi sivioni.

Akasimama.

— Nitavipaka rangi nyekundu, nivibakize na majirani zao tu. Ahsante, dada. Ahsanteni, wazee wangu.

Akaondoka mbio.

— Tumemsaidia, alisema Waya.

— Sana, nikasema, na sikumtania. Mtoto anayetoa kazi mbichi mbele za watu, kuna waliomzoesha kutoogopa kuchekwa. Mimi sikuwa na muda huo.

Yule mama mgeni aliulizia kahawa. Birika lilikuwa tupu, nikampa kikombe changu.