Kuogeshana Upepo

Mheshimiwa Meneja Mkuu, viongozi wa chama cha wafanyakazi, shemeji yangu mke wa mstaafu, ndugu mafundi, wageni waalikwa: salamu zangu ziwafikie nyote, na kwanza zimfikie aliyekaa pale dirishani, maana siku hii ni yake.

Nilipofika mji huu sikuwa na kwetu pa kurudi. Mtu huyu alinigawia nusu ya chumba chake, akaniingiza katika kikosi cha kubandua asbesto kwenye mabomba, kila mara kiwanda chetu cha kusafisha mafuta kiliposimamishwa kwa matengenezo. Tulimwita Bwana Harusi, kwa kuwa hakukubali kurudi nyumbani na vumbi.

Chumba cha kuogea cha kiwandani kilikuwa kimegeuzwa stoo. Basi tukazua desturi yetu: jioni tulivua barakoa, tukachukua mpira wa upepo wa kompresa, tukapulizana nguo kwa zamu.

"Geuka, bwana! Mkeo asije akasema kaolewa na gunia la saruji!"

Tulicheka midomo wazi. Nani angedhani kwamba saa ya kucheka ndiyo iliyokuwa saa ya kula sumu? Vumbi lililolala kwenye nguo tuliliamsha wenyewe, tukalivuta mapafuni, tena kwa mapenzi, ili lisiwafikie watoto.

Wa kikosi kile tumebaki wawili. Mwenzangu alipaswa kusimama hapa, lakini pumzi zake hazimalizi sentensi. "Kaseme wewe," kaniambia asubuhi. "Mimi nitakohoa, watu wadhani nalia."

Wengi wamemsifu leo kwa uvumilivu. Ni kweli, alivumilia. Lakini hivi, ndugu zangu, mtu huvumilia mpaka hewa?

Mheshimiwa, Jumatatu kiwanda kinasimamishwa tena kwa matengenezo. Juzi nilipita karakana: mafundi wanapulizana vilevile, na utani ni uleule. Stoo imejaa viti vibovu na makopo ya rangi. Mstaafu wetu ana ombi moja: chumba kile kifunguliwe, maji yatoke, kabla bomba la kwanza halijaguswa. Je, kitafunguliwa?

Nakuona unaitikia kwa kichwa. Ahsante. Ila walioko nyuma hawakioni kichwa chako, nao ndio watakaoingia kazini Jumatatu.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea masikio. Mheshimiwa, kipaza sauti hiki hapa.