Margaret Jumwa, Mama wa Kufungua Mlango (1938–1998)

Marehemu Margaret Jumwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 huko Marafa, mtoto wa tatu wa Mzee Pekeshe na Mama Dama. Mwaka 1949 wazazi wake walihamia hapa Idsowe kutafuta shamba. Alisoma Ngao hadi darasa la nne, akaachishwa kwa sababu mpunga ulitaka mikono. Hilo alilinung'unikia mpaka uzeeni.

Mwaka 1957 aliolewa na Masha Charo, wakajaliwa watoto watano, mimi Elsie nikiwa wa kwanza. Alilima mpunga na ndizi, akauza sokoni Garsen, na kwa miaka ishirini na miwili alishika ufunguo wa kanisa hili. Kila Jumapili, kabla baraka ya mwisho haijatamkwa, aliinuka akafungua mlango mkubwa. Siku moja mbuzi aliingia akala maua ya madhabahuni, Mama akasema huyo naye amepata fungu lake. Tukimuuliza kwa nini anafungua mapema, alijibu kwamba Mungu hakumbariki Ibrahimu ili anenepe. Alimbariki ili mataifa yote yapate.

Sasa nasema lililonitia kinyaa, na sitaomba radhi. Tarehe 30 Novemba 1997 mafuriko yalikuwa yamezunguka kilima hiki cha kanisa. Sisi tulikuwa ndani, wakavu, tukiomba kubarikiwa. Nje Abdia, mfugaji wa Kiorma, alisimama na wanawe majini.

"Mama, mimi hapana taka chakula," aliita. "Mtoto nashikwa na baridi."

Mama akaenda mlangoni.

"Mama Elsie, keti," alisema Mzee Kuno, aliyeongoza ibada. "Hapa ni pa waumini."

"Basi hiyo baraka unayoomba ni ya nini, Mzee? Ukiimeza peke yako, hawa watamjuaje Mungu?"

Akafungua. Abdia alikaa nasi siku kumi na tisa, na ng'ombe wake wawili wakanywesha watoto wetu maziwa. Wazee wa kanisa nao waliyanywa, wakafuta midomo, na maji yalipopungua wakamnyang'anya Mama ufunguo.

Mwezi wa Aprili 1998 malaria ilimwangusha, akalazwa. Abdia alimletea maziwa kila siku. Kati ya wazee hakufika hata mmoja. Aliaga dunia asubuhi ya Jumatatu, tarehe 11 Mei. Ombi lake lilikuwa moja tu: asibarikiwe akiwa amefungiwa mlango.

Wazee waliujua wosia huo. Hata hivyo wametangaza kwamba leo mazikoni Waorma wakae nje na mlango ufungwe, eti ni utaratibu. Wakataka pia aya hizi zitolewe kwenye karatasi hii. Hazikutolewa.

Marehemu ameacha mume, Mzee Masha, watoto watano, wajukuu kumi na wanne, na Abdia pamoja na bintiye Darmi, ambao wako hapo nje juani.

Mchungaji, usiinue mkono wa baraka kwanza. Mimi Elsie, kifungua mimba wake, nikimaliza kusoma siendi kuketi. Nakwenda mlangoni. Ukishafunguka, mbariki, naye apumzike kwa amani.