Mfungo Wangu wa Televisheni

Mungu wetu apewe sifa. Nanyi mliokaa huko nyuma karibu na mlango, itikeni pia, maana leo hamtatoka mapema.

Wapendwa, mnanijua. Mimi ndiye yule mama wa bitenge, muuza vitenge, ambaye miaka miwili iliyopita mlimwona kwenye televisheni amevaa fulana yenye namba. Mlipiga makofi. Mzee mmoja akasema nimeliletea kanisa heshima. Leo nimekuja kuirudisha hiyo heshima, kwa sababu niliipata kwa uongo.

Nianze mwanzo. Nilikuwa na kilo mia moja na tano, na magoti yalikuwa yananiuma. Muuguzi wetu hapa kambini Nakivale aliniambia nipunguze mafuta, niende shambani kwa miguu badala ya kupanda boda, na nirudi kwake kila mwezi. Nikamdharau. Maneno yake hayakuwa na muziki wala taa. Kisha siku moja niko mjini Mbarara nanunua bitenge, msichana mwenye fomu akaniambia kuna mashindano ya kupunguza mwili, yanarekodiwa kila Jumamosi na kuonyeshwa baada ya fainali, na mshindi anapewa pikipiki mpya. Nikamfikiria mume wangu anayeendesha boda ya mtu. Msichana aliposikia ninatoka kambini, macho yakamng'aa. Mkimbizi mnene, ndugu zangu, kwao ni ajabu, kana kwamba lazima tukonde mpaka tufe ndipo waamini tulikimbia.

Mbele ya kamera wakaniuliza vita vilininenepesha namna gani. Nikajibu kwamba vita havikuninenepesha, nimenenepeshwa na bugali na sombe, kisamvu chetu cha mawese, tena baada ya kupata amani. Hilo walilikata. Walionyesha nikilia, na nililia kwa sababu walinikalisha juani masaa matatu wakitengeneza mashine zao.

Nawaambia, sijaona upuuzi kama ule. Watu wazima, wake za watu na waume za watu, tulipandishwa kwenye mizani nusu uchi kama ng'ombe mnadani. Aliyepunguza kidogo alizomewa, akatolewa mashindanoni. Eti inawatia watu moyo. Moyo gani? Mwalimu wa mazoezi, Mnyankore aliyejifunza Kiswahili jeshini, alitukataza hata maji siku mbili kabla ya kupimwa. Nilipomwomba kikombe kimoja akasema: "Mama, maji hapana. Kwanza mizani, maji nyuma." Tulikimbia tumejifunga nailoni tumboni ili jasho litoke, halafu mtangazaji anawaambia watoto wenu kwamba hiyo ndiyo afya.

Lakini dhambi yangu haikuwa Mbarara. Niliifanyia hapa, maana kati ya Jumamosi na Jumamosi nilirudi nyumbani.

Mnajua kwetu. Ukiingia kwa mtu ukakataa chakula chake, umemtukana. Nami watu wa televisheni walinikataza kula, nikatafuta pa kujificha, nikapata uongo ulio mzuri kuliko wote. Nikasema nimefunga, niko katika maombi kwa ajili ya hitaji la siri. Nani atamlazimisha kula mtu aliyefunga? Mkaniheshimu, mkaniombea kila ibada. Niseme ukweli, nilifurahia.

Jirani yangu wa shambani, nimwite tu mwenzangu, hakutosheka na kuniombea. Akaja nyumbani, akaniita yaya, yaani dada mkubwa, akasema: "Yaya, hauwezi kufunga pekee yako. Tutafunga wote, mupaka Mungu ajibu."

Alikuwa na mtoto wa miezi minne mgongoni. Nilijua ananyonyesha. Nikasema amina.

Wiki tatu mwenzangu alikula mara moja kwa siku, jioni, kidogo kidogo, na mchana alikuwa na jembe mkononi. Mimi asubuhi nilikula mayai mawili niliyoruhusiwa na watu wa televisheni, nikafuta mdomo, ndipo nikaenda kusali naye. Niliona mashavu yake yanaingia ndani. Nikajiambia fainali iko karibu, atavumilia.

Siku ya fainali, nimeshavaa namba yangu, mume wangu akapiga simu. Mwenzangu ameanguka kwenye maharagwe. Maziwa yamemkauka, mtoto amelia mpaka sauti imekwisha, wote wawili wamepelekwa kituo cha afya. Muuguzi amemuuliza kwa nini hali chakula, naye anajibu kwamba anafunga pamoja na yaya wake.

Ningeweza kuvua ile fulana na kuondoka. Hakuna aliyenishika. Nikazima simu, nikapanda mizani.

Nikawa wa pili. Pikipiki ilichukuliwa na mtu mwingine, mimi nikapewa mizani ya kujipimia nyumbani. Nikainua mikono juu, nikatabasamu. Yale mashindano nayadharau, lakini lile tabasamu langu nalidharau zaidi.

Kesho yake asubuhi nilifika kituoni. Mtoto alikuwa amenyweshwa maziwa kwa kijiko, amelala. Mwenzangu akafungua macho, akaniona, akauliza: "Yaya, Mungu amejibu?"

Nikakaa chini sakafuni. Nikamwambia hakukuwa na maombi yoyote, kulikuwa na pikipiki. Nikamweleza yote, hata mayai. Alinisikiliza mpaka mwisho, akageukia ukuta. Nilipomwomba msamaha akasema: "Usiniombe hapa, tuko babili tu. Utaomba mbele ya batu bote benye balituombea."

Hao batu ni ninyi, nami nimewaogopa miaka miwili. Katika miaka hiyo nywele zilidondoka, kizunguzungu kikanilaza, na kilo zote zikarudi, tena zikaja na wageni. Namshukuru muuguzi niliyemdharau, alinipokea bila kunicheka, akanifundisha upya kula na kutembea. Leo magoti hayaumi, na hakuna kamera iliyokuja kuniona nikienda shambani. Namshukuru mke wa mchungaji, alipeleka uji nyumba mbili, kwa mwenzangu na kwangu, bila kuuliza nani ana kosa. Namshukuru mume wangu, aliniambia hakuwahi kuitaka pikipiki ya namna ile.

Juzi watu wa televisheni wamenipigia. Wanataka nikatoe ushuhuda, niwatie moyo washindani wapya. Nimesikia pia mabinti wawili wa kwaya wamechukua fomu. Mabinti, ushuhuda wenyewe ndio huu. Mkitaka kupunguza mwili nendeni kwa muuguzi, na mkikataa chakula cha mtu semeni sababu ya kweli. Zile fomu washieni jiko.

Na wewe mwenzangu uliyekaa hapo na mtoto wako, nimesema mbele ya wote. Nisamehe. Mimi sikufunga hata siku moja. Kama kuna mfungo ambao Mungu aliupokea katika zile wiki tatu, ulikuwa wako.