Tairi la Spea

"Dominica kwangu ni tairi la spea tu," alisema binti mwenye bahasha ya chuo, ndani ya basi la asubuhi la Newark, Marekani. "Vyuo kumi na vinne vya udaktari vya hapa nyumbani vimenikataa. Kisiwa hicho cha Karibi ndicho kilichonikubali."

Eudoxie Laronde, muuguzi aliyeketi nyuma yake, alikohoa. Yeye alizaliwa kwenye hilo tairi la spea.

Mzee aliyekaa ubavuni mwa binti alicheka. "Mimi nilisomea udaktari huko huko, mwanangu. Mama mwenye nyumba alikuwa akikaanga samaki huku ananihoji mifupa ya mkono. Nikikosea mmoja, sili mpaka niitaje yote upya. Mwaka wa pili alishaijua kunishinda. Mpaka leo, akija mtu kavunjika mkono, nasikia harufu ya samaki."

Eudoxie naye aliisikia, na jiko la mamake pamoja nayo. Alitamani kuuliza jina la mama huyo, ila umbea wa basini una adabu zake: unasikiliza, huchangii.

"Na wagonjwa wako wanajua ulikosoma?" binti aliuliza.

Mzee aligeukia dirisha. "Wakiuliza, nawaambia nilisoma mbali."

"Mbali wapi?"

"Mbali tu."

"Kumbe hata wewe unaona haya, daktari!"

Basi likasimama mbele ya hospitali. Pale mlangoni, wakishuka, Eudoxie alimwamkia mzee kwa Kikrioli cha kwao Dominica. Mzee akaitika kwa Kikrioli hicho hicho, tena kwa furaha, kabla hajakumbuka kwamba alisoma mbali tu.