Chumba cha Mwanasha Kinavuja

Sogea, keti hapa, usikilize, maana mambo haya yanataka kunitoa kazini. Hapa ni Ukunda, kwa Fondo muuza kahawa, mwaka wa tisini na tisa. Mimi Mumo ndiye niliyetengeneza ukurasa wa intaneti wa koteji za Mzee Abdulaziz kule Diani. Una picha za vyumba, na kimoja kinavuja. Nilikuwa nimeiambia kompyuta: picha ya tatu kutoka juu itie rangi nyekundu, wageni wasikitake. Jana mzee akataka chumba kipya kiwekwe juu kabisa. Leo nyekundu imehamia chumba kisichovuja, kinachovuja kinaonekana kizuri ajabu, na mzee atakuja kukagua. Akiona hivyo, kazi anampa mpwa wake wa Mombasa.

Nikawaeleza wa kijiweni. Konstebo, askari wa geti hotelini, akasema kuhesabu hakuna makosa, makosa ni kuwaacha watu wasogee. Akamwamrisha Fondo:

— Wa tatu kutoka huku mpe kikombe, nalipa mimi.

Kabla dele la kahawa halijainuka, benchi lote lilikuwa limeshahama. Watu wanne walidai ndio wa tatu.

— Umeona? nikamwambia Konstebo. Ndiyo shida yangu hiyo.

Waziri, ambaye cheo alijipa mwenyewe, akasema nichague kwa aina: vyote vya paa la makuti vitiwe nyekundu. Nikamwambia vyote ni vya makuti. Basi, akasema, kompyuta yenyewe ipelekwe ikalale mle siku ya mvua, itakijua chumba chake.

— Kila chumba kiite kwa jina, akasema Fondo akimimina. Mimi nikiita Konstebo, Waziri haitiki.

Nilikuwa nainuka nikimbilie ofisini nikaandike majina, Mzee Abdulaziz akatokea.

— Shikamoo, mzee. Kile kinachovuja kinaitwaje?

— Marahaba. Mwanasha, jina la mamangu.

— Na kile kipya?

— Mwanasha. La binti yangu, amemrithi nyanyake.

Nikamweleza polepole: majina yakifanana, kompyuta itashika lile la juu tu, ambalo ni chumba kipya. Aniruhusu niandike Mwanasha wa kwanza na Mwanasha wa pili.

— Tumerudi kuhesabu, akanong'ona Konstebo.

Mzee akaweka chini kikombe alichopewa na Fondo.

— Wa pili ni yupi, kijana? Mamangu ama binti yangu?

Dele limekauka, Fondo anaosha vikombe, na mzee bado ananitazama. Ungekuwa wewe, ungemjibu nini?